Shaba au faiba, auto au spidi ya kufungwa: kuchagua kiungo cha jengo hadi jengo

Shule za bweni, zahanati na lodji za Moshi na Arusha huniuliza swali moja kuliko mengine yote. Tuna majengo mawili, ofisi iko huku na maabara ya kompyuta iko kule. Tuvute waya wa neti wa kawaida, wa shaba, au tuweke faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga? Hilo likishajibiwa, nyuma yake linakuja lingine ambalo wengi hawajui kama ni la kuuliza: kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, tuache "auto", vifaa vikubaliane spidi vyenyewe, au tufunge spidi wenyewe? Maswali haya ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanauliza poti (tundu la kuchomekea waya) ya upande wa pili inasikia nini, na poti mbili zinakubalianaje kabla ya kupitisha hata herufi moja ya data. Watu huchagua kwa kulinganisha bei ya waya kwa mita, na katika mambo yote ya kupima hapa, bei ya mita ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ndani ya jengo moja, tumia shaba na uache auto pande zote mbili. Jengo hadi jengo, weka faiba. Kufunga spidi ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, na ukiinywa bila kuumwa inakuletea maradhi. Lakini msimamo bila sababu haukusaidii siku ambayo mazingira yako si kama ninayoyafikiria, kwa hiyo sababu ndizo nitakazozungumzia kwa kirefu.

Chukua mfano wa shule maeneo ya Rau. Kutoka ofisi hadi maabara ni kama mita 70 ukipiga hatua katikati ya uwanja. Waya haupiti katikati ya uwanja. Unapanda darini, unafuata kenchi, unashuka ukutani, unazunguka jiko, unaingia kwenye paipu chini ya njia ya magari, unapanda tena hadi kwenye kabati la swichi. Ukimaliza kuupima umeshavuka mita 100, na kabla hujauweka tayari uko nje ya kiwango cha shaba, ambacho ni mita 100.

Poti ya shaba inasikia nini

Waya wa neti una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kwa spidi ya megabiti 100, jozi mbili tu ndizo zinazofanya kazi, moja ya kupeleka na moja ya kupokea. Kwa gigabiti, jozi zote nne zinafanya kazi, na kila jozi inapeleka na kupokea kwa wakati uleule. Ndiyo maana waya uleule unaweza kuwa mzima kwa megabiti 100 na mbovu kwa gigabiti, na swichi isiyo na hatia ikalaumiwa.

Ndani ya kila poti kuna chipu inayogeuza biti kuwa volti na volti kuwa biti. Vitabu huiita PHY, tuiite transiva. Kutuma si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kupokea. Ishara ikisafiri kwenye shaba inafifia, na masafa ya juu yanafifia zaidi kuliko ya chini. Pigo lililotoka likiwa na kingo kali linafika limelainika, likivuta mkia unaoingia kwenye pigo linalofuata. Kiwango cha Cat5e, daraja la kawaida la waya wa neti, kinaruhusu kiungo kizima cha mita 100 kipoteze hadi desibeli 24 kwenye masafa ya megahezi 100. Kwa hesabu ya nguvu, kinachofika ni takriban sehemu moja kati ya 250 ya kilichotumwa.

Mpokeaji anaanza kwa kuikuza ishara hiyo hadi kimo anachoweza kukipima. Kisha anaipitisha kwenye kisawazishi, sakiti inayoyainua masafa yaliyofifia sana na kuikata mikia ya mapigo yaliyotangulia. Kisawazishi hiki hakitoki kiwandani kikiwa kimeshapangwa kwa waya wako. Kinajifunza waya ulivyo, urefu wake na tabia zake, kila kiungo kinapoinuka. Halafu inabaki saa. Hakuna uzi uliotengwa kubeba saa, kwa hiyo mpokeaji anaipata kwa kutazama ishara inabadilika lini. Ndiyo sababu mtumaji huzichanganya biti kwa kanuni inayojulikana pande zote mbili kabla ya kuzituma. Hata faili lililojaa sifuri tupu linasafiri likiwa na mabadiliko ya kutosha, na saa ya mpokeaji haipotei njia.

Hayo ni ya megabiti 100, kiwango kilichotoka mwaka 1995. Gigabiti ya shaba, iliyotoka mwaka 1999 kwa jina la 1000BASE-T, ilizidisha ugumu. Kila jozi hubeba alama milioni 125 kwa sekunde, kila alama ikiwa moja ya ngazi tano za volti. Biti mbili kwa alama, mara jozi nne, unapata biti bilioni moja kwa sekunde. Ngazi ya tano inaleta ziada inayotumika kwenye usimbaji wa alama, ambao humsaidia mpokeaji kuamua sawasawa hata kelele zikiwepo.

Kwa kuwa jozi moja inapeleka na kupokea pamoja, poti inasikia mwangwi wa sauti yake yenyewe, na mwangwi huo una nguvu kuliko ishara dhaifu inayotoka mbali. Ni sawa na kujaribu kumsikia mtu anayekunong'oneza kutoka ng'ambo ya Barabara ya Sokoine huku wewe mwenyewe unapaza sauti. Transiva inalimudu hilo kwa sababu inajua ilichotuma: inakadiria mwangwi wake utakuwaje na kuutoa kwenye inachosikia. Jozi tatu za jirani nazo zinavujisha kelele, kwa hiyo kwa kila jozi kuna vifuta kelele vitatu vya majirani, 12 kwa poti nzima, juu ya vifuta mwangwi vinne. Yote hayo yanafanyika mara milioni 125 kwa sekunde, ndani ya chipu ya swichi ya bei nafuu iliyoko dukani. Mimi huiheshimu sana kazi hiyo, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akiiharibu kwa plagi iliyobanwa ovyo. Ukifumua msokoto wa jozi kwa sentimita nne tano ili iwe rahisi kuingiza plagi ya RJ45, umefungua mlango wa kelele kutoka jozi hadi jozi, mahali pale pale ambapo mpokeaji anahangaika kusikia.

Kuna nyaya sokoni zenye kiini cha alumini kilichopakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana na shaba. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Ukinzani wake ni mkubwa, uzi unakatika ukipindwa mara chache, na ukipitisha umeme wa PoE, yaani umeme unaosafiri kwenye waya wa neti wenyewe, kwa kamera, kamera ya mbali inakosa nguvu. Kwa kiungo cha kudumu usizinunue, hata ukipunguziwa bei.

Makubaliano kabla ya data

Poti ambayo bado haina kiungo hainyamazi. Inatoa mafungu ya mapigo mafupi, fungu moja kila baada ya milisekunde 16 hivi. Kila fungu lina nafasi 33. Mapigo 17 ni ya saa na yapo daima. Katikati yao kuna nafasi 16, ambazo pigo likiwepo ni moja, lisipokuwepo ni sifuri. Biti hizo 16 ni tangazo: mimi naweza megabiti 10, naweza 100, naweza kupeleka na kupokea kwa pamoja, naweza kusimama kidogo ukiniomba. Poti ya upande wa pili ikilipokea tangazo lilelile mara tatu mfululizo, inaliamini, na katika matangazo yake inawasha biti ya kukiri kwamba imesikia.

Baada ya hapo hakuna anayemwamuru mwenzake. Kila upande una matangazo mawili, lake na la mwenziwe, na orodha moja ya kipaumbele iliyoandikwa kwenye kiwango. Unachukua hali ya juu kabisa iliyopo kwenye matangazo yote mawili. Kwa kuwa hesabu ni ileile, jibu ni lilelile, na poti zote mbili zinahamia huko.

Kwa gigabiti kuna hatua ya ziada: lazima mmoja awe kiongozi wa saa na mwingine mfuasi. Kiongozi anatuma kwa saa yake mwenyewe. Mfuasi anaitoa saa kwenye ishara anayopokea na kutuma kwa saa hiyo hiyo. Bila hivyo kuufuta mwangwi kungekuwa kazi ngumu mno, kwa kuwa saa mbili tofauti zingezidi kuachana. Kwa kawaida kifaa chenye poti nyingi, kama swichi, ndicho kinachokuwa kiongozi mbele ya kompyuta yenye poti moja. Wakilingana, wanaamua kwa namba za bahati nasibu. Kisha yanafuata mafunzo: kiongozi anatuma ishara tupu, mfuasi anarekebisha kisawazishi chake na kuikamata saa, naye anaanza kutuma, na kiongozi anajifunza upande wake. Zile sekunde chache unazosubiri taa iwake baada ya kuchomeka waya zinaishia hapa. Kwa hiyo majadiliano ni sehemu ya lazima ya gigabiti ya shaba. Vifaa vingi vinavyokupa chaguo la "kufunga" gigabiti, kwa ndani vinaendelea kujadiliana, isipokuwa vinatangaza hali moja tu.

Kuna dalili moja ambayo kila anayesimamia mtandao wa shule anapaswa kuijua. Matangazo yanapita kwenye jozi mbili tu, zile za pini 1 na 2, na 3 na 6. Ikiwa uzi wa pini 4 umekatika, poti mbili zitatangaziana gigabiti vizuri kabisa, zitakubaliana, halafu mafunzo yatashindikana kwa sababu jozi moja haipo. Zitarudi mwanzo, zitakubaliana tena, zitashindwa tena. Utaona taa inawaka na kuzima bila kikomo. Chipu nyingi zina busara ya kushuka hadi megabiti 100 zikishindwa mara kadhaa. Kwa hiyo ukikuta kiungo kati ya vifaa viwili vya gigabiti kimesimama kwenye 100, shuku waya au plagi kwanza, kabla ya kutilia shaka kitu kingine chochote.

Kufunga spidi

Hapa ndipo sikubaliani na mafundi wengi, wakiwemo waliotangulia kwenye kazi hii kabla yangu na ambao nawaheshimu. Wamezoea kuweka swichi na rauta kwenye megabiti 100, dupleksi kamili (kupeleka na kupokea kwa pamoja), kwa mkono, wakisema hivyo ndivyo mtandao unavyotulia. Mazoea hayo yana chanzo cha kweli. Kanuni za majadiliano za mwaka 1995 ziliandikwa zikiwa na utata, watengenezaji wakazitafsiri kila mmoja kivyake, na vifaa vya miaka ile vilikuwa havielewani. Kiwango kilirekebishwa mwaka 1998. Vifaa vilivyoko madukani leo vimetengenezwa miaka mingi baada ya hapo.

Ubaya wa kufunga upande mmoja ni huu. Poti iliyofungwa kwa kawaida haitoi tena matangazo; inatuma tu ishara yake ya megabiti 100. Poti ya upande wa pili, iliyo kwenye auto, inasubiri matangazo na haiyapati, lakini kwa umbo la ishara inatambua kwamba mwenzake ni wa 100. Spidi inaijua. Ila hakuna chochote kwenye umbo hilo kinachoonyesha kama mwenzake anapeleka na kupokea kwa pamoja au kwa zamu. Kiwango kinaiamuru ichague njia ya tahadhari: kwa zamu, yaani nusu dupleksi. Sasa una kiungo ambacho taa zake zinawaka pande zote, spidi ni sawa pande zote, lakini upande mmoja unaongea wakati wowote na mwingine unaamini kwamba ni zamu kwa zamu.

Niliitwa lodji moja Njiro kwa tatizo la namna hiyo. Mama mwenye lodji alikuwa amechoka. Nilimpa shikamoo, akaitikia na kuingia kwenye shida yake moja kwa moja: "Fundi, kila anayekuja anapiga ping, ananiambia inajibu vizuri, anaondoka. Wageni wangu wanarudi porini jioni, picha hazipandi. Sasa ping inanisaidia nini mimi?"

"Uko sahihi, mama," nikamwambia. "Ping ni kidogo mno kuonyesha kinachokusumbua."

Kifaa cha mtoa huduma kilikuwa kimefungwa kwenye 100 kamili, na rauta ya lodji ilikuwa kwenye auto, kwa hiyo ikawa nusu. Ping inatuma fremu moja ndogo, yaani kifurushi cha data, na kusubiri jibu. Ni nadra pande mbili kutuma kwa wakati mmoja. Picha ikianza kupanda, fremu kubwa zinatoka huku majibu yakirudi. Rauta iliyo kwenye nusu, ikisikia kitu kinaingia wakati yenyewe inatuma, inadhani ni mgongano: inakata fremu katikati, inasubiri, inajaribu tena. Mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za kwanza, transiva na kidhibiti chake havirudii tena. Fremu imepotea na kazi ya kuirudia inaachiwa programu za juu, ambazo kwa kuona upotevu hupunguza mwendo. Upande wa dupleksi kamili nao unapokea vipande vya fremu visivyopita ukaguzi.

Ukitaka kuthibitisha bila kubahatisha, fungua kaunta za poti, yaani hesabu za hitilafu zake, pande zote mbili. Migongano ya kuchelewa ikiongezeka upande mmoja, na hitilafu za CRC (fremu zisizopita ukaguzi) zikiongezeka upande wa pili, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Kwenye kompyuta ya Linux, amri ya ethtool ikifuatiwa na jina la poti itakuonyesha spidi, dupleksi na yale mwenzako aliyoyatangaza. Sehemu ya matangazo ya mwenzako ikiwa tupu, yeye amefungwa. Pale Njiro mtoa huduma alirudisha kifaa chake kwenye auto. Asingeweza, tungefunga rauta nayo kwenye 100 kamili, kwa sababu kanuni ni kulingana: pande zote auto, au pande zote zimefungwa sawasawa.

Kwa hiyo lini ufunge? Pale tu upande wa pili ni kifaa cha zamani au kilichofungwa ambacho huna mamlaka nacho. Ukiwa na sababu nyingine ya kutaka spidi ndogo, kwa mfano waya mrefu kidogo ambao gigabiti haisimami, usizime majadiliano. Acha auto na upunguze tangazo, utangaze 100 kamili peke yake. Mwenzako atalisikia tangazo, atakuja kwenye 100, na dupleksi itakuwa sawa. Swichi nyingi zinazosetiwa zinakuruhusu kufanya hivyo. Lakini ujue unachokificha. Waya wenye jozi iliyokatika ukishushwa hadi 100 unaacha kulalamika, na ubovu unabaki ukutani ukimsubiri fundi mwingine.

Faiba inasikia tofauti

Upande wa faiba hadithi ni fupi zaidi, na ufupi huo ndio sehemu ya uzuri wake. Leza inawaka na kufifia, mwanga unapita kwenye uzi wa kioo, upande wa pili daiodi ya mwanga inaugeuza kuwa mkondo mdogo wa umeme, kikuzaji kinauinua, na sakiti inayofuata inakata shauri: ni moja au ni sifuri. Saa inatolewa kwenye ishara kama kwenye shaba. Hakuna mwangwi wa kufuta wala jozi jirani. Uzi wa modi moja, faiba yenye kiini chembamba sana, kwa mwanga wa nanomita 1310 unapoteza chini ya nusu desibeli kwa kilomita nzima. Kumbuka zile desibeli 24 za shaba kwa mita 100. Kwa umbali wa shule yetu ya Rau, upotevu wa kioo chenyewe hauna hata maana ya kuhesabiwa. Kinachokula mwanga ni viunganishi na maungio.

Majadiliano ya faiba ya gigabiti, iliyosanifiwa mwaka 1998, nayo ni machache. Pande mbili hazijadili spidi hata kidogo. Zinaambizana kuhusu dupleksi, kusimamishana, na kama kuna hitilafu upande wa mbali. Kwa hiyo moduli zote mbili za SFP, yaani vipande vyenye leza na mpokeaji vinavyochomekwa kwenye swichi, lazima ziwe za spidi moja tangu dukani. Huwezi kuweka ya megabiti 100 huku na ya gigabiti kule ukitegemea zitaelewana. Na ukizima majadiliano upande mmoja tu, utapata hali inayowachanganya watu sana: uliozimwa unaonyesha kiungo kiko juu, ulio kwenye auto unaonyesha kiko chini, na kila fundi anaapa kwamba upande wake ni mzima. Ukiyaacha yawe hai pande zote, uzi mmoja kati ya miwili ukikatika pande zote zinajua, na swichi zinaacha kutuma data kwenye shimo.

Wanunuzi hukosea kwa kudhani moduli ya kilomita 80 ni "nguvu zaidi" hivyo ni salama zaidi kwa mita 200. Inampofusha mpokeaji. Nunua za kilomita 10; hizo zimepangwa hivyo kwamba hata uzi mfupi hauzidishi mwanga. Ukichagua moduli zinazotumia uzi mmoja kwa kwenda na kurudi, lazima ziwe jozi ya kinyume: moja inatuma nanomita 1310 na kupokea 1490, nyingine inatuma 1490 na kupokea 1310. Mbili za aina moja hazitasikilizana kamwe. Kiunganishi cha kijani kimekatwa kwa mshazari na cha buluu hakikukatwa hivyo, usivichanganye. Safisha ncha kabla ya kuchomeka, na usichungulie ndani, maana mwanga huo hauonekani lakini jicho linaumia.

Radi ndiyo inayoamua

Hata pale ambapo umbali ni mita 50 tu na shaba ingefika bila shida, bado kwa jengo hadi jengo nachagua faiba, na sababu inaanza na masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua zinashuka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na ngurumo zake tunazijua wote. Radi haihitaji kupiga waya wako. Ikipiga ardhi karibu, ardhi ya jengo moja inapanda kwa volti nyingi kuliko ardhi ya jengo la pili kwa muda mfupi mno, na waya wa shaba unaounganisha majengo hayo unakuwa njia ya kusawazisha tofauti hiyo. Ndani ya poti kuna transfoma ndogo zinazotenga sakiti, na hupimwa kwa volti 1500. Kwa kelele za kawaida zinatosha. Kwa radi hazitoshi, na swichi zikifa huwa zinakufa pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, mara nyingine na kompyuta zilizounganishwa nazo.

Vizuizi vya radi vya waya wa neti vipo, na vinasaidia vikiwekwa pande zote mbili na kuunganishwa kwenye ardhi nzuri. Shida ni hiyo ardhi nzuri. Majengo mengi ya zamani hayana. Kioo hakipitishi umeme, basi hakuna cha kulinda. Uangalifu mmoja tu: kebo nyingi za faiba za kupita juu ya nguzo zina waya wa chuma wa kuibeba, na baadhi ya zile za kufukia zina ngao ya chuma. Ukikiingiza chuma hicho hadi kwenye kabati la swichi, umeirudisha njia ya radi uliyoikimbia. Omba kebo isiyo na chuma, au chuma kiishie nje ya jengo na kiunganishwe na ardhi hapo.

Gharama nayo isemwe wazi. Faiba inakutaka moduli mbili, swichi mbili zenye nafasi ya SFP, na mtu mwenye mashine ya kuunga. Siku ya kwanza utalipa zaidi kuliko shaba. Unaweza kuagiza kebo iliyokwisha kufungwa viunganishi kiwandani kwa urefu unaoutaka, ukaepuka kuunga kabisa, mradi paipu yako iwe pana ya kutosha kupitisha vichwa. Ikiwa swichi zako hazina nafasi ya SFP, konveta za faiba (visanduku vya kugeuza faiba kuwa shaba) zitafanya kazi, ila tafuta zinazopitisha taarifa ya kukatika: faiba ikifa, konveta ishushe na upande wa shaba. Zisizofanya hivyo zinaacha taa ya swichi ikiwaka huku mtandao umekufa, na utapoteza asubuhi nzima. Redio za kurushiana kati ya paa na paa ni njia ya tatu, nazo ni nzuri pale ambapo huwezi kuchimba, kwa mfano kuvuka shamba la mtu. Lakini nazo ziko juu ya paa, mahali radi inapopapenda.

Kitu ambacho faiba haiwezi ni kubeba umeme. Kamera ya getini inayotegemea PoE inahitaji shaba au chanzo cha umeme pale pale. Kwa lodji ya Usa River yenye geti mita 150 kutoka mapokezi, ningepeleka faiba hadi kwenye kibanda cha mlinzi, niweke hapo swichi ndogo ya PoE yenye umeme wake, na waya wa shaba wa mita chache kutoka swichi hadi kamera. Kwa shule ya Rau ningeweka faiba ya modi moja yenye nyuzi nne, ingawa mbili zinatosha leo. Bei ya nyuzi mbili za ziada ni ndogo ukilinganisha na kuchimba mtaro upya. Ndani ya maabara yenyewe, Cat6 ya shaba halisi kutoka swichi hadi kila meza, auto kila mahali. Siku ya kukabidhiwa kazi, mwombe fundi akuonyeshe poti moja moja kwenye ukurasa wa swichi: spidi 1000, dupleksi kamili, kaunta za hitilafu zikiwa sifuri baada ya kunakili faili kubwa kwenda na kurudi, na kwa faiba, kiwango cha mwanga kinachopokelewa kila upande. Namba hizo ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Mwanga ukishuka mwaka ujao, utakuwa na cha kulinganishia.